Wazee wasimkalishe mke mbele ya mume aliyemkaba

Kwa Mhariri,

Niruhusu nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyependekeza kwamba kila ugomvi wa mke na mume upelekwe kwanza kwa wazee wa mtaa, na polisi waitwe tu wazee wakishindwa. Nia yake naielewa. Hapa Mombasa tumelelewa tukiambiwa wagombanao ndio wapatanao, na katika kazi yangu ya ustawi wa jamii, Kisauni na Likoni, nimeona wazee wakinusuru ndoa zilizotikiswa na pesa, wakwe au uvivu tu.

Kipigo ni jambo jingine. Ukimkalisha mke ukumbini na mumewe, ukamwambia "haya mwanangu, sema", unamtaka amshitaki mtu ambaye usiku ule atarudi naye chumba kimoja. Atasema amekosa yeye. Mume ataonywa, atatozwa jozi ya leso, itasomwa fatiha, na watu watanywa kahawa wakijipongeza. Katika hesabu ya wazee hiyo ni suluhu. Mwanamke naye amejifunza kwamba akishitaki hakuna litakalobadilika.

Ndiyo maana afisa wa ustawi wa jamii huanza kwa kuzungumza na mwanamke peke yake, mbali na mume na mama mkwe. Kisha hupima hatari ya mwanamke huyo kuuawa. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitunga hojaji ya kupimia hatari hiyo katikati ya miaka ya 1980, nayo huambatana na kalenda: mwanamke huweka alama kwenye siku alizopigwa katika mwaka uliopita, na kipigo kilikuwa kikali kiasi gani. Wengine hushtuka wenyewe wakiona alama zinavyozidi kukaribiana. Halafu huja maswali. Amewahi kukukaba shingo? Ametishia kukuua? Ana silaha? Alikupiga ukiwa na mimba? Umemwacha, au umemwambia utamwacha?

Hilo la kukabwa ningependa kila mzee wa mtaa alikariri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake, uwezekano wa kuja kuuawa naye huongezeka takriban mara 7. Na kukabwa huweza kusiache alama hata moja ya nje. Mzee anaangalia, haoni jeraha, anasema "alhamdulillahi, hakuumia". Mwanamke huyo ndiye wa kupelekwa hospitali usiku uo huo.

Najua swali litakalofuata: mbona haondoki? Kwa sababu kuondoka ndiko kunakomtia katika hatari kubwa zaidi. Mume anayetaka kumtawala mke huzidi kuwa mkali anapohisi mke anamponyoka, na njia ya kwa mama yake Likoni anaijua vizuri. Hivyo hatumwambii mtu "toka leo". Tunapanga naye. Kitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za kliniki vinawekwa kwa mtu anayemwamini. Nauli inatengwa. Ugomvi ukianza, asikimbilie jikoni penye visu wala bafuni pasipo na mlango wa pili. Katika nyumba zetu za vyumba vya kupanga, jirani hukubaliana naye ishara: mtoto akitumwa kuazima mbuzi ya nazi saa nne usiku, jirani anajua hakuna anayekuna nazi, anapiga simu polisi. Ni mipango midogo, lakini huamuliwa na mwanamke mwenyewe, maana anayemjua mume huyo kuliko sisi sote ni yeye.

Watu husema pia kwamba mume ana hasira tu, apewe nasaha. Mbona hasira hizo hazimpandi kwa msimamizi wake bandarini? Wanaofanya kazi na wanaume wapigaji, kama wale wa mpango wa Duluth ulioanza Marekani miaka ya 1980, hulenga tabia ya kutawala, na kwa kawaida hufanya hivyo bila mke kuwepo.

Sheria tunayo. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 haihesabu ngumi pekee: kumnyima mke pesa kwa kumtesa, kumfuatafuata, hata wakwe kuingilia, vyote vimo. Mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi na kumtoa mume nyumbani badala ya mke na watoto kuhangaika. Akiivunja, faini ni hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili. Na kwa wanaonitajia Katiba, ni kweli kifungu cha 159 kinahimiza usuluhishi wa kimila, lakini kifungu hicho hicho kinaukataza pale unapokiuka haki za kimsingi. Sheria hiyo ya 2015 inawalinda pia wanaume wanaopigwa, na wapo.

Kwa hiyo siombi wazee waondolewe. Naomba machifu wetu wawaagize wasiitishe kikao chochote cha ndoa kabla ya mwanamke kuulizwa faraghani, na mtu aliyefunzwa, maswali niliyoyataja. Jibu la "ndiyo" kwa lile la shingo, la silaha au la kutishiwa kuuawa lisimamishe kikao, na kesi iende dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na hospitali. Serikali ya kaunti nayo itenge fedha za nyumba salama, maana mipango yote hii hukwama mama anapouliza alale wapi na watoto. Anayehitaji msaada sasa apige 1195, simu ya bure.

Afisa wa ustawi wa jamii,
Kisauni, Mombasa