Barua ya malalamiko: uzi wenu wa "sufu asilimia 100"

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: UZI MWEUPE ULIOANDIKWA "SUFU ASILIMIA 100"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za mwanzo zilijibiwa na watu wawili tofauti, kila mmoja kwa mistari mitatu. Wote walinipa pole kwanza, kisha wakanifundisha kutia uzi rangi. Kazi hiyo nimeifanya miaka 11. Kwa hiyo safari hii nimeandika kwa kirefu, na nimeambatanisha vipande vya uzi wenyewe ili tusibishane kwa maneno matupu.

Nilinunua kwenu madonge 8 ya uzi mweupe wa kutia rangi, gramu 100 kila moja, yote ya bechi moja. Lebo inasema: sufu asilimia 100, ufuliwe kwa mkono, usitiwe kwenye mashine. Nilitaka kufuma blanketi la mtoto ambaye mdogo wangu alikuwa anamtarajia. Nilikuwa pia na gramu 90 za sufu niliyoisokota mwenyewe, kazi ya mwezi mzima ya usiku, watoto wakishalala. Hiyo nilipanga iwe ukingo wa blanketi, na uzi wenu uwe sehemu ya katikati.

Kwangu kazi za uzi hazina chumba chake. Nafuma nikiwa nasubiri watoto wamalize kazi za shule, nasokota usiku, na siku ya rangi ni Jumamosi inayopangwa wiki mbili kabla, kwa sababu siku hiyo jiko linakuwa langu peke yangu na sufuria ya rangi (ambayo haipikiwi kitu kingine kamwe) inakaa motoni nusu ya siku. Donge haliwezi kutiwa rangi likiwa donge, rangi haitafika ndani. Lazima lifunguliwe liwe vitanzi vilegevu. Basi binti yangu wa miaka 9 alikaa kwenye kigoda, mikono ameinyoosha mbele, nikamzungushia madonge manne, mita baada ya mita, mpaka akaniambia mabega yanamuwaka na kwamba blanketi hili litaandikwa jina lake pia. Nataka mjue kuwa ninapodai fidia ya madonge manne, kuna saa za mtoto humo ndani ambazo hazipo kwenye risiti.

Nikiri kosa langu kwanza. Dalili niliiona mapema nikaipuuza. Kabla ya siku ya rangi nilifuma kipande cha kupimia, sentimita 10 kwa 10, kutoka kwenye donge la tano. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, alikizoa na taulo akakitupa kwenye mashine ya kufulia, maji ya nyuzi joto 60. Nilipogundua nilishika kichwa. Sufu ikipigwapigwa ndani ya maji ya moto na sabuni hujikunyata, magamba ya nyuzi hukamatana na kitambaa kinakuwa kigumu kama zulia. Kipande chenu kilitoka na sentimita zake karibu zilezile. Mimi nikafurahi! Nilipaswa kushtuka.

Najua mtasema ipo sufu iliyotibiwa kiwandani kwa klorini na kupakwa utando ili isijikunyate. Ipo, naifahamu, nimeshaitumia. Lakini sufu ya aina hiyo huuzwa kwa sifa hiyo, wakati lebo yenu inakataza mashine. Tena sufu iliyotibiwa hivyo hunywa rangi haraka kuliko ya kawaida. Yenu ilifanya kinyume.

Jumamosi yenyewe nilifanya hivi. Uzi ulilala ndani ya maji usiku kucha ili ulowe mpaka ndani. Rangi ilikuwa ya asidi, ile inayotengenezwa kwa ajili ya sufu na hariri, bluu iliyokolea, gramu 2 kwa kila gramu 100 za uzi. Siki niliongeza mpaka karatasi ya kupimia ukali wa asidi ikasoma 4. Moto nilipandisha polepole kwa nusu saa, kipimajoto kikafika 88, nikaushikilia hapo dakika 45 bila kukoroga sana. Na hapa ndipo naomba msome taratibu: uzi wangu wa kusokota na uzi wenu vilikuwa kwenye sufuria moja, maji yaleyale, siki ileile, moto uleule.

Uzi wangu ulitoka bluu ya usiku, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenu ulitoka na mstari. Si mabaka, maana mabaka ningejilaumu mwenyewe kwa kujaza sufuria kupita kiasi. Ni mstari mwembamba wenye weupe wa kijivu unaozunguka uzi wote, kama kamba iliyopotwa kwa nyuzi za rangi mbili. Mwanangu mdogo aliuona kabla yangu. Aliuliza kwa nini nimetia rangi "upande mmoja".

Nilikaa dirishani na kipande cha urefu wa mkono, nikashika ncha, nikausokotoa. Uzi wenu umepotwa kwa nyuzi tatu. Mbili zilikuwa bluu, zina vinyweleo, zinakwaruza kidogo zikipita kati ya vidole. Wa tatu ulikuwa mweupe, laini, unang'aa na unateleza. Nilirudia kwenye madonge yote manne, kisha kwenye donge la tano ambalo halikutiwa rangi. Kila mahali ni nyuzi tatu, na mmoja wao ni mgeni.

Nilizichoma moja moja, nimezishika kwa koleo juu ya beseni la maji. Zile mbili zilitoa harufu ya nywele zilizoungua, moto ukazimika wenyewe nilipoziondoa kwenye mshumaa, na zikaacha jivu jeusi linalosagika. Wa tatu ulikimbia moto, ukajikunja, ukayeyuka, na ulipopoa ukaacha kijidonge kigumu mithili ya kichwa cha pini ambacho sikuweza kukivunja kwa kucha. Siku iliyofuata, watoto wakiwa shuleni, nilichovya kipande kingine kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ndani ya bakuli safi, madirisha wazi, mbali kabisa na siki yangu, maana vitu hivyo viwili vikikutana hutoa hewa ya sumu. Sufu haistahimili dawa hiyo. Nyuzi mbili zilitoa mapovu, zikalegea, zikayeyuka. Wa tatu ulibaki unaelea peke yake, mzima. Ndio huo niliougandisha kwenye karatasi ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye majibu yenu. Wa kwanza alisema sufu ni zao la asili na tofauti ndogo za rangi ni jambo la kawaida. Kweli, kondoo hawafanani, na manyoya ya mgongoni si sawa na ya mapajani. Ila sijawahi kusikia kondoo anayeota plastiki kwa mpangilio wa uzi mmoja katika kila nyuzi tatu. Wa pili alinishauri niongeze siki na chumvi. Siki huisaidia sufu kuishika rangi ya asidi. Haiigeuzi poliesta, yaani uzi wa plastiki, kuwa sufu, hata mkimwaga pipa zima. Poliesta ina rangi zake na inataka joto ambalo sufuria ya nyumbani haifikii, na akriliki, plastiki nyingine ya nyuzi, nayo ina rangi za kwake. Chumvi ndiyo kabisa: kwenye sufu hupunguza kasi ya rangi ili itulie sawasawa, haiongezi kitu.

Kama mngeandika "sufu na akriliki" nisingekuwa na neno. Nimefuma soksi nyingi zenye mchanganyiko na zinadumu. Ningejua niutie rangi vipi, au niuache mweupe, au ninunue mwingine. Hili lakini lilikuwa blanketi la kichanga. Nilichagua sufu kwa sababu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na kwa sababu haishiki moto kirahisi na wala haiyeyuki ikaganda kwenye ngozi. Ule uzi wa tatu unayeyuka. Nimeuona unayeyuka kwa macho yangu, umbali wa shubiri moja. Mzazi anayeamini lebo yenu hatakaa dirishani na mshumaa.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie fedha za madonge yote 8 pamoja na usafirishaji, na rangi niliyoipoteza kwenye madonge manne. Mniambie kwa maandishi uzi wa tatu ni nini, na kama uliingia kiwandani kwa bahati mbaya au ndivyo unavyotengenezwa siku zote. Na bechi hii muitoe sokoni au muibandike lebo ya kweli, na wote walioinunua wapewe taarifa, kwa sababu kuna mtu sasa hivi amekaa mahali anaongeza siki na kujiona hajui kazi. Nami nilijiona hivyo kwa siku mbili. Hilo linaniudhi kuliko fedha.

Madonge matatu hayajafunguliwa, lebo zake zipo, namba ya bechi inasomeka. Nitayatuma mkigharimia usafiri, ila matatu tu. Yale manne yenye mstari nabaki nayo mpaka jambo hili liishe.

Mtoto amezaliwa wiki iliyopita. Blanketi lina ukingo wa upande mmoja na halina katikati, kwa hiyo nimeufumua ule ukingo nami natafuta sufu nyingine.

Naomba atakayejibu awe ameusokotoa uzi huu kwanza, kwa mkono wake mwenyewe.

Wako mteja,

(Sahihi)

Viambatanisho: karatasi mbili zenye vipande vya uzi, lebo moja, nakala ya risiti na ya majibu yenu mawili.