Yah: Mguu wa shokapu ya Honda XL 185S mliouchimba kwa bisibisi

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe hadi mwisho kabla haijafungiwa kwenye faili.

Honda XL 185S ya mwaka 1981 ililetwa kwenu Jumanne kubadilishwa sili mbili za shokapu za mbele, yaani mipira inayozuia oili isitoke, saizi milimita 31x43x10.3. Sili zenyewe nilizileta mimi mteja. Pikipiki imerudi inavuja upande wa kushoto zaidi ya ilivyokuja. Taratibu zenu mnazijua, sitawasomea.

Kilicholeta barua hii ni kimoja. Fundi wenu aliubana mguu wa aluminiamu, yaani bomba la chini la shokapu, kwenye jiriwa bila hata kitambaa, akachukua bisibisi bapa na nyundo, akaanza kupiga pembeni mwa sili. Nikamwambia, "Fundi, klipu bado imo," yaani ile pete ya chuma inayoishikilia sili ndani ya tundu lake. Hakunyanyua hata kichwa. Msimamizi ndiye aliyejibu, huku anacheka: "Mzee, chuma cha kizamani hiki, hakiogopi nyundo."

Si chuma, bwana. Ni aluminiamu.

Kwenye shokapu ya miaka zaidi ya 40 maji hupenya chini ya mpira wa vumbi, kutu na tope vinaifunika klipu mpaka inafanana na ukingo wa sili. Anayeijua kazi hupasafisha kwanza kwa brashi na mafuta ya taa, akaitoa klipu, ndipo aiguse sili. Klipu ikiwemo, unapigana na klipu, na kinachoumia ni tundu.

Klipu ikitoka, sili bado inaweza kugoma, maana kasha lake la chuma limeshikana na aluminiamu kwa kutu. Hapo dawa ni joto, siyo nguvu. Unauzungushia mguu kitambaa na kuumwagia maji yanayochemka, mara mbili tatu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 43 likipanda nyuzi 80, sili inapata nafasi ya kama milimita 0.04. Ni unywele, lakini ndio unaoiachia. Kisha unaweka kipande cha ubao ukingoni, unaegemeza juu yake chuma cha kutolea tairi, na kuinua kidogo huku, kidogo kule. Ikikataa kabisa, unatoboa matundu mawili ya milimita 2 usoni mwa sili, yanayotazamana, na keekee imefungwa tepu ili isizame. Unaingiza skrubu mbili na kuvuta kwa koleo. Hakuna mahali nyundo inapoingia.

Nilipokuja kuichukua Ijumaa niliambiwa "imepona". Hapana, hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ndiyo niliyorudi nayo inatiririka. Niliifungua mwenyewe nikakuta silikoni imepakwa nje ya sili. Silikoni! Kwa hiyo mlijua.

Narudia, maana inaonekana hakuna aliyesikia siku ile. Klipu bado imo, nilisema, na nilisema mara mbili. Bisibisi ikateleza, aluminiamu ikalia, kipande kinachong'aa, ukubwa wa punje ya mchele, kikaanguka kwenye benchi. Fundi akakipuliza kwa mdomo kama vumbi. Na msimamizi wenu, amesimama hatua mbili, akacheka.

Sasa ndani ya tundu kuna mifereji mitatu, ukucha unanasa kwenye yote. Oili inapita nje ya sili, hivyo hata mkiweka sili ya dhahabu itavuja. Inateremka mguuni hadi kwenye breki ya ngoma, na viatu vya breki vimelowa. Viatu vilivyonyonya oili havioshwi vikarudi, vinatupwa.

Nilikuwa nimepanga kuomba shilingi 60,000 za ufundi tu. Lakini mguu unahitaji kujazwa kwa kuchomelea na kukerezwa upya hadi milimita 43 kamili, na mchomeleaji asiyezoea aluminiamu ataupinda. Kwa hiyo nataka mguu mwingine mzima wa kushoto, wa modeli hiyohiyo, siyo wa XL 125 uliofanyiwa ujanja. Nataka viatu vya breki, na fedha yote, pamoja na ya oili mliyoijaza mkijua itamwagika. Na nataka barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na msimamizi aliyecheka, yeye mwenyewe.

Mna siku saba. Ya nane, mguu huu na picha za ile silikoni vitakuwa mezani Tume ya Ushindani, na nakala Mahakama ya Mwanzo, ambako gharama zitahesabiwa upya kuanzia siku ya kwanza. Kipande cha aluminiamu ninacho. Nilikiokota sakafuni kwenu.

Wenu,
Mwenye XL 185S nyekundu