Kava la jeshi na kioo kilichovunjika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya makava mazito ya simu kubwa, yale yanayouzwa kwa jina la kava la jeshi. Mimi ni mama, ni fundi simu, na meza yangu iko hapa Busia upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Mwaka huu ni wa 11 niko katika kazi hii. Vioo vilivyopasuka ndivyo vinavyonilisha, lakini nikinyamaza juu ya jambo hili nitakuwa nakula jasho la watu.

Jumanne ya wiki iliyopita alifika kijana wa boda, simu kaishika kwa mikono miwili kama aliyebeba yai. "Mama fundi, hebu niangalizie." Simu yenyewe ni ya inchi 6.8. Alikuwa ameivalisha kava nene jeusi lenye kona zilizojitokeza kama buti, alilolinunua kwa shilingi 45,000 kwa muuzaji aliyemwambia, "Hili hata ukilirusha kutoka juu ya nyumba, simu inabaki nzima." Kwenye boksi kulikuwa na maandishi ya Kiingereza kwamba ni kava la kiwango cha jeshi. Alipovuka tuta, simu ikachomoka kwenye kishikio cha usukani ikaanguka kifudifudi barabarani. Kava lilikuwa zima kabisa. Kioo kilipasuka kuanzia kona ya juu mpaka chini, na nusu ya skrini ilikuwa nyeusi.

Nilichukua rula nikailaza juu ya simu, kutoka ukingo mmoja wa kava hadi mwingine. Rula ikagusa kioo. Hapo nikajua. Kava zuri lina mdomo, yaani ukingo ulioinuka kidogo kuzunguka kioo, ili simu ikilala kifudifudi kioo kisiguse chini. Kava la kijana huyu lilikuwa na mdomo mfupi, na juu ya kioo alikuwa amebandika protekta, kile kioo cha ziada cha kukinga skrini, nene iliyoumeza mdomo wote. Nguvu zote za kiwanda ziliwekwa mgongoni na pembeni, mahali panapoonekana dukani. Uso wa simu ukaachwa wazi.

Sasa hilo jina la jeshi. Kipimo kinachotajwa kwenye maboksi mengi ni MIL-STD-810, kitabu cha Wizara ya Ulinzi ya Marekani kinachoeleza namna ya kupima vyombo: joto, vumbi, mtikisiko, kuanguka. Kwa kuanguka, chombo huangushwa mara 26 kutoka urefu wa sentimita 122. Hesabu hiyo ina maana yake: kitu chenye umbo la boksi kina nyuso 6, kingo 12 na kona 8, ukijumlisha unapata 26. Lakini msomaji ajue mambo mawili. Kwanza, mpimaji anaruhusiwa kugawa miangusho hiyo kwa sampuli hadi 5, kwa hiyo si lazima simu moja ivumilie yote. Pili, mahali pa kuangukia ni mbao za plaiwudi zenye unene wa inchi 2 zilizowekwa juu ya zege. Hapa kwetu simu inaangukia moramu yenye mawe, au ngazi ya saruji, au ubavu wa lori. Tena jeshi la Marekani halimpi mtengenezaji wa makava cheti chochote. Kiwanda hujipima chenyewe, au hulipa maabara, kisha huandika. Kingine huandika bila kupima, na mimi mwenye meza Busia siwezi kukitofautisha na kile kilichopima kwa kutazama boksi tu.

Sisemi makava mazito hayafai. Yanafaa sana, na simu kubwa inayahitaji kuliko ndogo. Simu ya inchi 6.8 kwa kawaida inazidi gramu 200, na kioo chake ni kipana. Ikianguka, uzito wote huo unasimamishwa mahali padogo, mara nyingi kona moja, kwa muda mfupi mno. Kazi ya kava ni kurefusha muda huo. Ndiyo maana yaliyo bora yana tabaka mbili: ndani mpira laini unaobonyea, nje plastiki ngumu inayosambaza pigo, na kwenye kona kuna uwazi mdogo wa hewa. Bonyeza kona kwa kidole gumba. Ikibonyea kidogo ikarudi, hiyo inafanya kazi. Ikiwa ngumu kama jiwe, pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye kioo. Kona za kava la yule kijana wa boda zilikuwa ngumu kama jiwe.

Nina mteja mwingine, mama anayenunua samaki Majanji, kando ya Ziwa Victoria. Kava lake ni la mpira mtupu, shilingi 15,000, limegeuka manjano kwa jua na halipendezi hata kidogo. Lakini limetengenezwa kwa ajili ya simu ileile aliyo nayo, mdomo wake umeinuka vizuri, kona ni laini na nene. Simu hiyo imeanguka mbele yangu mara mbili na kioo kiko salama. (Maji ni habari nyingine. Kava la kawaida halizuii maji hata liwe nene namna gani, na mwenye kufanya kazi ziwani asidanganyike na unene.)

Ninawasihi vijana wa boda jambo moja zaidi. Kava nene huzuia joto lisitoke. Simu ikikaa juani kutwa kwenye usukani, imewashwa ramani, inachajiwa, ndani ya kava zito, betri inachoka mapema na nyingine huvimba. Nimezitoa betri zilizovimba mpaka zimesukuma mgongo wa simu. Na mtikisiko wa injini nao una madhara: mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja kwamba mtikisiko mkali wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake. Kava halitibu hilo. Kama huna abiria wa kumtafutia njia, simu ikae mfukoni. Na mara moja kwa wiki livue kava ulioshe, maana vumbi la moramu likikaa ndani husugua mgongo wa simu kama msasa.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni mkopo. Simu ile kijana ameichukua kwa malipo ya kila siku. Asipolipa inafungwa, na kwa simu hiyohiyo ndiyo anapokea pesa za abiria kwa mobile money na kuitwa na wateja wake. Nilimwambia kioo ni shilingi 180,000, na hapo nimeondoa faida yangu karibu yote. Akakaa kwenye benchi langu muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akauliza, "Mama fundi, kwani wale wa jeshi walinidanganya?" Nikamwambia hapakuwa na jeshi lolote katika kava lile.

Basi ombi langu, Mhariri, ni kwa wanaoagiza na kuuza. Nami nauza, hununua mzigo Kampala kwenye jengo la maduka la Mutaasa Kafeero, kwa hiyo ninajisemea na mimi. Tuache kumwambia mteja habari za juu ya nyumba. Tumwonyeshe mdomo wa kava kwa rula, tumruhusu abonyeze kona, tuivalishe simu yake papo hapo, na kama hakuna kava la simu yake tumwambie halipo, tusimpe la simu nyingine inayofanana nayo. Na kwa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS: nawaomba mtazame maandishi ya kwenye maboksi haya. Anayeandika kipimo cha kijeshi aseme kilipimwa wapi, kwa urefu gani, na simu ikiwa ndani au kava likiwa tupu. Mistari mitatu ingetosha, na ingekuwa vizuri zaidi ikiandikwa kwa lugha ambayo mwendesha boda anaisoma.

Kioo cha kijana nilikiweka Alhamisi. Amelipa nusu, nusu nyingine ataleta kidogo kidogo. Kava lake jeusi aliniachia. Nimelining'iniza ukutani pamoja na rula, na kila anayekuja kununua kava siku hizi namwonyesha vyote viwili kabla sijataja bei.

Fundi simu,
Busia, Uganda