Hadithi fupi za Warusi zisigeuzwe kuwa methali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna hadithi fupi za waandishi wa Urusi wa karne ya 19 zinavyosimuliwa upya katika mahubiri, semina za ujasiriamali na safu za malezi. Mara nyingi hadithi nzima hupunguzwa ikabaki mistari mitano, ikabandikwa methali mwishoni, na msomaji akaondoka akiamini kwamba ameshapata yote aliyokusudia mwandishi. Naona kwa kufanya hivyo tunawapunja wasomaji lile swali la kimaadili lililowakosesha waandishi wale usingizi.

Inayoonewa zaidi ni hadithi ya Leo Tolstoy ya mwaka 1886 juu ya Pahom, mkulima anayeahidiwa na Wabashkiri, watu wa jamii ya wafugaji wa nyikani, kwamba kwa rubli 1,000 atamiliki ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kwa siku moja, ilimradi arejee alipoanzia kabla jua halijatua. Mwisho wake unajulikana: anarudi mbio, anaanguka, anakufa. Tunasema "tamaa mbele, mauti nyuma", na mjadala unafungwa. Kinachoachwa ni mwanzo wake. Pahom alikuwa mtu wa kuonewa, kwani kila ng'ombe au farasi wake alipoingia katika shamba la bibi mwenye ardhi, msimamizi wa shamba hilo alimtoza faini. Anaponunua ardhi yake mwenyewe, mifugo ya majirani inaingia kwake; mwanzoni anawasamehe, kisha anawashitaki, nao wanatozwa faini kama alivyotozwa yeye. Katika nchi ambayo wakulima walitolewa katika utumwa wa mashamba ya mabwana mwaka 1861 tu, nani angethubutu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kutaka shamba lake ni dhambi? Tolstoy anatuuliza ni katika hatua gani haja ya haki iligeuka kuwa dhuluma, na hatua hiyo tunaiona katika zile faini, muda mrefu kabla Pahom hajaanza kukimbizana na jua.

Ni kweli kwamba Tolstoy aliandika hadithi kadhaa za aina hii kwa ajili ya watu wa kawaida, akitaka wapate mafunzo. Lakini hata alipotaka kufundisha, jicho lake la msanii liliona mengi kuliko fundisho lenyewe. Ushahidi mkubwa ninaoujua ni hadithi yake ya mwaka 1895 kuhusu mfanyabiashara Vasili Brekhunov na mtumishi wake Nikita, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote alizoandika uzeeni. Brekhunov ni mzee wa kanisa. Anataka kuwahi kununua msitu kwa bei ya kutupa, kwa hiyo anachukua rubli 700 zake na kuongeza rubli 2,300 za kanisa alizokabidhiwa azitunze. Nikita anastahili rubli 80 kwa mwaka; analipwa kama 40, tena kidogo kidogo, na sehemu kubwa kwa bidhaa za duka la huyohuyo bwana, kwa bei ya juu. Hata hivyo Brekhunov anajiona mfadhili, na anaamini kwa moyo wote kwamba hamdhulumu mtu.

Usiku wanapotea katika dhoruba ya theluji. Brekhunov anapanda farasi na kumtelekeza Nikita, akijisemea kwamba mtu kama yule hana cha kupoteza. Anapojikuta peke yake gizani anamwomba Mtakatifu Nikolai, na hapo anakumbuka ile picha takatifu kanisani na mishumaa aliyowauzia waumini waiwashe mbele yake, mishumaa iliyokuwa ikirudishwa kwake ikiwa imeungua ncha tu, naye akaihifadhi sandukuni. Anaona waziwazi kwamba vitu hivyo vyote vina kazi kule kanisani, na hapa alipo haviwezi kumsaidia chochote. Sijasoma mahali pengine ambapo dini ya mazoea imepimwa kwa ukali kiasi hicho bila tusi hata moja.

Farasi anamkimbia, naye anafuata nyayo zake hadi kwenye sleji, lile gari lao la kuteleza juu ya theluji, anakomkuta Nikita akiganda kwa baridi. Anasimama kimya kidogo, halafu, kwa uthabiti uleule aliokuwa nao alipopeana mkono na mtu baada ya biashara nzuri, anarudi nyuma hatua moja, anapandisha mikono ya koti, anamkung'uta Nikita theluji na kumlalia juu na manyoya yake yote. Asubuhi bwana amekufa na mtumishi yu hai. Wahubiri husema kwamba alitubu, lakini hakuna sala ya toba pale. Kinachofanya kazi ni mikono ya mfanyabiashara, na bidii ileile iliyompunja Nikita ndiyo sasa inayomwokoa. Je, wema ule ulitoka wapi, na ulikuwa umejificha wapi miaka yote ile?

Anton Chekhov, aliyekuwa daktari, anakwenda mbali zaidi kwa kukataa kutujibu. Katika hadithi yake fupi sana, "Mwanafunzi", kijana wa chuo cha dini anaota moto na wajane wawili, mama na binti, usiku wa Ijumaa Kuu, akiwasimulia Petro alivyomkana Yesu. Mama analia. Binti, aliyepondwa na kipigo cha mumewe, anamkazia kijana macho kama anayezuia maumivu makali. Kijana anaondoka akiwa na furaha kubwa, kwa kuwa ameona jinsi yaliyotokea zamani yanavyoungana na ya leo. Wajane wanabaki walipo. Chekhov hasemi kama furaha ile ni neema au ni ujana tu, ila anatukumbusha kwamba kijana ana miaka 22.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba badala ya muhtasari wenye methali, gazeti lako lichapishe tafsiri kamili ya hadithi moja kwa wakati, bila maelezo ya mafunzo chini yake, na wasomaji wajadiliane katika ukurasa huu. Pendekezo langu ni kuanza na "Mwanafunzi", kwa sababu inaenea katika ukurasa mmoja, na hata kule Urusi ilitoka kwanza gazetini, mwezi Aprili mwaka 1894.

Msomaji wako,
Tanga