Sensa moja imekufa, kwa nini ninunue nne?

Mhariri,

Salam kutoka Tanga. Naomba unipe kanafasi niongelee hii taa ya njano ya upepo wa tairi, ile yenye alama ya mshangao katikati, maana hapa mjini imegeuka mradi wa watu. Taa ikiwaka ukaingia gereji unaambiwa sensa, vile vidude vya kupima upepo ndani ya tairi, zimekufa, na sio moja, zote nne, na bei inatajwa ya jumla jumla. Shemeji yangu wa Makorora katajiwa laki nane na nusu pale pale getini, hakuna hata mtu aliyeinama kuangalia tairi. Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa na msumari.

Wengi hii kitu hawana kwenye gari zao, maana IST na Vitz tulizojaza huku zimetoka Japani ambako haikulazimishwa. Waliolazimisha ni Marekani, baada ya zile tairi za Firestone kupasuka kwenye Ford Explorer na watu kufa wengi, sheria ikapitishwa 2000 na kufika Septemba 2007 kila gari dogo jipya ikawa lazima iwe nayo, Ulaya nao wakaja Novemba 2014. Ndo maana mwenye gari iliyotoka Uingereza au ya Kimarekani iliyopitia Dubai anasumbuka na taa na jirani yake mwenye Premio analala usingizi.

Sasa hiyo sensa ni kidude kinakaa ndani ya rimu kimeshikana na valvu, kinapima upepo kinarusha taarifa kwa redio mpaka kwenye dashibodi. Betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi, inadumu kama miaka 5 mpaka 10 ikiisha unatupa kidude chote. Hapo nawaelewa mafundi wanaposema gari ya 2013 ikifa moja nyingine ziko njiani, na kama unafunga tairi mpya zote nne na sensa ni zile zile za kiwandani basi badilisha zote, utaokoa hela ya kufungua tairi mara mbili mbili. Lakini mtu tairi zake bado hazijaisha, sensa imekufa moja, unamuuzia nne za nini? Mashine ya kusomea hizi sensa ipo, unaisogeza karibu na valvu inakusomea upepo, joto, na nyingi zinaonyesha mpaka hali ya betri, tairi moja moja. Kama mashine unayo nionyeshe. Kama huna umejuaje zimekufa zote?

Na taa yenyewe inaongea jamani, ila hakuna anayetuambia. Kwenye gari nyingi ukiwasha ikawaka moja kwa moja bila kupepesa, upepo umepungua, tafuta pancha. Ikipepesa kama dakika moja hivi halafu ndo ikatulia inawaka, hapo mfumo una kasoro, na hapo ndo habari ya sensa inaanza. Halafu kuna gari hazina sensa ndani ya tairi kabisa, kwa mfano VW Golf nyingi za Ulaya, zenyewe zinatumia sensa za ABS, yaani za mfumo wa breki, kuona tairi gani inazunguka haraka kuliko wenzake, maana tairi iliyopungua upepo inakuwa ndogo kidogo. Hiyo ukishajaza upepo unaiseti upya tu kwa kitufe au kwenye menyu. Mtu wa namna hiyo akiuziwa sensa nne sijui zinafungwa wapi.

La pili ni sisi watu wa pwani. Valvu za hizi sensa nyingi ni za aluminiamu na huku hewa ina chumvi, gari inayolala Raskazone au Sahare inaoga upepo wa bahari usiku kucha. Fundi pancha akipoteza kile kisindano cha ndani ya valvu anachomeka cha shaba cha kawaida, wakati kinachotakiwa ni kile kilichopakwa nikeli, shaba na aluminiamu vikikutana kwenye chumvi vinakulana mpaka vinashikana, siku unataka kukifungua valvu inakatika mkononi. Hapo utaambiwa sensa imekufa. Haijafa! Kilichokufa ni valvu, na kwa sensa nyingi valvu inauzwa peke yake pamoja na mpira wake, nati, kisindano na kifuniko, bei haifiki hata robo ya sensa. Vifuniko vya chuma vile vya kung'aa mnavyopenda vijana navyo vinaganda hivyo hivyo, rudisheni vya plastiki.

Mafundi pancha wa barabarani mimi siwalaumu sana, nani kawafundisha? Mteja analeta tairi hasemi kuna kitu ndani, jamaa anaingiza liva, kile chuma cha kufungulia tairi, pale pale kwenye valvu, kraa! kitu cha laki mbili kimepasuka kwa pancha ya elfu tano, ugomvi unaanza. Ukishuka tu mwambie fundi humu kuna sensa aanzie mbali na valvu. Na zile dawa za kumimina ndani ya tairi uliza kwanza kama zinafaa, nyingine zinaziba tundu la sensa.

Kuna wanaokimbilia Kariakoo kutafuta za mtumba. Nendeni lakini mjue gari za Marekani na Japani kwa kawaida sensa zake zinarusha taarifa kwa masafa ya redio ya 315 MHz na za Ulaya 433, ukifunga isiyo yake taa itaendelea kuwaka mpaka kiama, na hela mwenye duka harudishi.

Wagosi wenzangu wa kijiweni wao wameshapata dawa, wanabandika selotepu nyeusi juu ya taa. Haya, bandikeni, lakini basi mnunue geji ya kupimia upepo, maana barabara ya Segera saa nane mchana na mzigo umejaa, tairi laini inachemka mpaka inapasuka. Kwa sheria ya Marekani taa inatakiwa kuwaka upepo ukishapungua robo nzima, yaani tairi ya upepo wa PSI 32 inaweza kushuka mpaka 24 dashibodi ikiwa kimya, kwa hiyo hata mwenye sensa nzima geji inamhusu. Kiwango cha gari yako kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko mlango wa dereva, sio huyu wa kukupimia kwa kupiga teke halafu anakujazia 40 kama anavyowajazia wote.

Wenye gereji nawaomba kitu kidogo tu, mtuandikie bei ya sensa moja, ya valvu peke yake na ya kazi, kila moja mbali, na sensa mliyotoa mturudishie mkononi tuione. Na kama kuna mwenye duka hapa Tanga anauza hizo valvu peke yake, aweke tangazo kwenye gazeti lako mhariri, mimi nimezitafuta Ngamiani yote sijaziona na wateja tupo.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga