Maji ya Chini ya Chungu: Namna ya Kuyatoa Pale Mkono Usipofika

Chungu kimoja dirishani hakina shida. Maji yakijaa kwenye kisahani unanyanyua chungu, unamwaga, unarudisha, basi. Shida inaanza vyungu vikifika kumi na tano kwenye kona moja, vya nyuma vimebanwa na ukuta, majani yamesukana kiasi kwamba ukivuta kimoja vinakuja vitatu. Sisi hutengenezea watu njia za kuyatoa maji hayo, na wateja wetu wengi ni wa kona kama hizo.

Cha kuchekesha, karibu hakuna anayetupigia kwa sababu ya maji. Wanapiga kwa kuwa chumba kinanuka uvundo, au kuna inzi wadogo weusi wanaowarukia usoni kila jioni, au mmea wa nyuma umekuwa njano ilhali "naumwagilia kila siku". Kwenye bustani moja ya namna hiyo tulipenyeza mkono hadi safu ya mwisho, tukakuta kisahani kimejaa pomoni, maji yana rangi ya kutu na juu yametanda utelezi. Chungu kilipoinuliwa kilitoa mlio kama wa mguu unaochomolewa topeni. Mizizi iliyochungulia kwenye matundu ya chini ilikuwa ya kahawia, na tulipouvuta mmoja kwa vidole ganda lake lilitoka lote, ukabaki uzi mwembamba kama wa kushonea. Mzizi wenye afya haufanyi hivyo. Ule ulikuwa umeshaoza.

Mwenye bustani hakuwa mzembe. Alikuwa hafiki tu.

Kwa nini maji hayo yasikae

Mizizi inapumua. Inategemea hewa iliyo kwenye vinafasi vya katikati ya chembe za udongo, na chungu kikikaa ndani ya maji vinafasi hivyo vinajaa kuanzia chini kwenda juu. Ukimwagilia sasa hivi na maji ya kisahani yakaisha ndani ya nusu saa, hakuna kilichoharibika. Ukiyakuta maji yaleyale kesho asubuhi, mizizi ya chini imelala bila hewa, na vimelea vya kuozesha vinapenda sana mahali pa namna hiyo. Hao inzi weusi nao hutaga kwenye udongo wenye unyevu, na chungu kinachonyonya kutoka chini hakikauki juu. Unaweza kupuliza dawa wiki nzima, wakarudi.

Jambo la pili watu hawalijui sana, nalo ni chumvichumvi za mbolea. Kila unapotia mbolea ya maji kuna madini ambayo mmea hauyamalizi, na sababu mojawapo ya kumwagilia hadi maji yachuruzike ni kuyasukuma nje madini hayo. Wanaolima kwenye vyungu kwa kawaida huacha kama asilimia 10 hadi 20 ya maji waliyomwagilia yatoke chini. Sasa maji hayo yakibaki kwenye kisahani, udongo unapokauka unayavuta tena juu, na chumvi uliyokwisha kuitoa inarudi ikiwa imekolea zaidi, maana sehemu ya maji imeshakuwa mvuke. Ule ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu mara nyingi ni kazi yake. Ndiyo maana mteja akituambia amepunguza maji ili yasichuruzike kabisa, hatumpongezi. Yaache yachuruzike, kisha yaondoke.

Na kabla hujauliza: kokoto ndani ya chungu hazisaidii. Tunajua umeambiwa uweke safu ya kokoto chini "ili maji yapite". Maji yaliyo kwenye udongo laini hayashuki kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe, kwa hiyo unachofanya ni kuipandisha ile sehemu yenye maji karibu zaidi na mizizi. Kokoto ziweke nje, chini ya chungu, zikiinue kutoka kwenye maji. Hapo zina maana.

Maji ni mengi kiasi gani?

Tuseme una vyungu 20, kila kimoja unakipa lita 2. Hizo ni lita 40, na maji yatakayochuruzika ni kati ya lita 4 na 8. Kwa kila kisahani ni mililita 200 hadi 400. Hesabu hii ndiyo inayoamua kifaa, wala si bei au sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Kwa vyungu vinne au vitano, nunua sirinji kubwa ya mililita 100 na uichomeke kipande cha mpira mwembamba mbele. Mpira unaingia pale mkono usipopita, unavuta, unamwaga kwenye ndoo, na dakika chache baadaye umemaliza. Kwa vyungu 20 sirinji hiyohiyo ni mivuto 40 hadi 80 kila unapomwagilia. Utaifanya mara mbili, ya tatu utasema utafanya kesho.

Hapo inafaa mashine ya kunyonya vumbi yenye uwezo wa kunyonya na maji. Tunasisitiza hilo la maji, kwa sababu mashine ya kawaida ya vumbi ukiinyonyesha maji utaiua, na inaweza kukupiga shoti. Ile ya maji, ukiifungia mpira mrefu mwembamba mbele, inapitia visahani vyote bila kusogeza chungu hata kimoja. Ubaya wake ni kelele, na uzito: kila lita ni kilo nzima, kwa hiyo imwage kabla haijajaa. Kwa mtu asiyetaka kubadilisha chochote kwenye bustani yake, hii ndiyo tunayomshauri.

Wengi hutamani kutumia mpira tu, maji yajivute yenyewe hadi kwenye ndoo. Njia hiyo ni nzuri na haina umeme, ila ina sharti moja: mdomo wa kutolea maji lazima uwe chini kuliko uso wa maji ya kisahani. Visahani vikiwa sakafuni, huko chini ni wapi? Hakuna. Mpira utatoa matone mawili na kunyamaza. (Na tafadhali usiuvute kwa mdomo. Ujaze maji safi kwanza, ziba ncha zote mbili kwa vidole, kisha uutumbukize. Maji yale yana mbolea na vitu vingine usivyotaka kuvionja.)

Kwa hiyo inueni vyungu kwanza

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaouza vifaa tu. Kwenye nafasi finyu, sentimita 20 za urefu zina faida kuliko pampu yoyote. Weka jukwaa la chini, juu yake trei moja pana badala ya visahani 20, na juu ya trei wavu mgumu au vipande vya mbao ili matako ya vyungu yasiguse maji. Trei iinamie upande wako, sentimita 2 kwa kila mita 1 zinatosha. Kwenye kona ya chini toboa tundu, funga mpira wenye upana wa ndani wa milimita 12 au zaidi, uelekeze kwenye beseni bapa lililo chini ya jukwaa. Mpira mwembamba kuliko huo utazibwa na chembe za udongo. Kipande cha soksi ya nailoni kwenye tundu kinazuia nyingi, na ukikisuuza kila baada ya wiki mbili kinakaa muda mrefu.

Sasa una sehemu moja tu ya kumwaga, nayo iko mbele ya miguu yako. Huhitaji tena kufika nyuma.

Beseni lichukue maji ya zaidi ya mara moja. Zamani tulimwekea mteja beseni la lita 5 chini ya vyungu 20, tukaridhika na hesabu yetu. Siku ya joto akamwagilia mara mbili asubuhi na jioni bila kumwaga, na usiku akakanyaga maji gizani. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tuliyazoa, kwa mataulo, saa nzima. Siku hizi hatuweki chini ya lita 15 kwa bustani ya ukubwa ule.

Kama bomba la maji machafu liko mbali na hutaki kubeba beseni, kuna pampu ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya kutoa maji ya kiyoyozi. Zina tangi dogo na boya: maji yakipanda inajiwasha, yakishuka inajizima. Zinafanya kazi vizuri sana chini ya trei, mradi kila mwezi uzipitishe maji safi ili chumvi ya mbolea isigande kwenye boya. Angalia pia kama ina vali ya kuzuia maji kurudi. Bila vali, kila ikizima, maji yaliyo ndani ya mpira yanaporomoka kwenye tangi. Mpira wa mita 3 wenye upana wa milimita 12 una karibu theluthi moja ya lita. Kwa tangi dogo hiyo inatosha kuiwasha tena, ikazima, ikawaka, usiku kucha.

Umeme tuuseme kwa ufupi kwa sababu hauna mjadala. Ekstensheni isilale sakafuni karibu na bustani. Ifunge ukutani juu ya usawa wa trei. Waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiufuata lidondokee njiani.

Maji uliyoyatoa usiyarudishe kwenye vyungu vilevile. Yana chumvi, na kama mmea mmoja unaugua unaweza kuyagawa maradhi kwa yote. Yamwage.

Ukitaka tukutengenezee, tutumie upana na kina cha kona yako, idadi ya vyungu, na kiasi cha maji unachotumia kwa siku moja ya kumwagilia. Ongeza picha mbili: moja ukiwa umesimama mlangoni, nyingine simu ikiwa imelazwa sakafuni inatazama chini ya vyungu. Watu hututumia ile ya kwanza, yenye majani mazuri. Tunayoihitaji ni ya pili.