Shukrani kwa dereva wa lori wa Ilula

Nilikuwa natoka Iringa na mama yangu mgonjwa. Tulipofika Ilula, kabla ya mteremko mkali wa Kitonga, taa nyekundu ya breki ikawaka kwenye dashibodi. Nikaegesha. Dereva wa lori aliyekuwa anakula pale jirani aliacha sahani yake akaja.

Kwanza alihakikisha breki ya mkono imeshuka yote. Akafungua boneti: mafuta ya breki yalikuwa chini ya alama ya MIN. Mwingine angeongeza tu akaniaga. Yeye alisema mafuta hayo hayapungui bure. Ama pedi zimelika, ama yanavuja. Akalala chini, akapapasa nyuma ya kila gurudumu. La nyuma kushoto lilikuwa limelowa, silinda ya breki inavuja.

“Dada, Kitonga hushuki na gari hili.”

Akaita fundi, akasimama hapo mpaka silinda mpya ikafungwa, na wakati wa kutoa upepo kwenye mabomba ya breki akakanyaga pedeli yeye mwenyewe hadi ikawa ngumu. Hela alikataa kabisa.

Kaka, mama alifika salama. Asante sana. Na madereva wenzangu, mkiona gari limeegeshwa boneti wazi, simameni mumuulize mwenyewe.